Damu Kwenye Mswaki wa Mama Pasi

Jina lake halisi liko kwenye vyeti tu. Mtaa mzima unamwita Mama Pasi. Kwa miaka kumi na tisa amesimama nyuma ya meza ile ile, katika duka la dobi, akipiga pasi nguo za watu. Mashine mbili zinafua kule nyuma. Yeye ndiye mwenye kazi ya mwisho. Shati linamfikia limejikunja, linaondoka limenyooka.

Ana sheria moja ambayo haivunji. Kabla pasi haijagusa shati, anageuza kola na kuitazama upande wa ndani. Akiona mstari wa jasho umebaki, shati linarudi kwenye maji. Mwenye shati anaweza kulalamika atakavyo. Mama Pasi humwacha aseme mpaka achoke, kisha humwambia arudi kesho.

Mumewe anaitwa Randa, naye ni seremala. Miaka thelathini karibu na mashine ya kupasua mbao ilimpa nyumba na kusomesha watoto wawili. Kisha ikachukua masikio yake. Enzi zile seremala aliyeziba masikio kazini alichekwa, naye hakupenda kuchekwa. Sasa ni mwaka wa sita hasikii sauti ya mtu hata ukimpigia kelele begani.

Lakini Randa si mtu wa kukaa na kujililia. Alijifunza kusoma midomo, na mdomo aliojifunzia ni mmoja, wa mkewe. Midomo ya watu wengine inamchanganya. Huyu anameza maneno, yule ana ndevu nyingi. Ya mkewe anaisoma mwanzo hadi mwisho bila kukwama.

Jioni huketi jikoni, uso kwa uso, taa ikiwa juu ya meza. Mama Pasi hana haja ya kutoa sauti. Anatamka tu. Hata wakigombana, inasikika sauti ya Randa peke yake, na kwa kuwa hajisikii, hupaza kuliko anavyodhani. Majirani wanaamini kwamba katika nyumba ile mume ni mkali na mke ni malaika. Mama Pasi hajawahi kuwasahihisha.

Basi asubuhi moja Mama Pasi alitema povu la dawa ya meno, akaona damu.

Ilikuwa kidogo tu. Kesho yake ikatoka tena. Ilitoka kwenye fizi za chini, mbele, penye meno madogo sita. Mama Pasi aliutazama mswaki kwa jicho baya. Aliona ndio unaomkata. Naye alijua la kufanya, kwa sababu mpiga pasi anajua majeraha. Ukiungua mkono, husugui palipoungua. Unapaacha papoe.

Kwa hiyo akapaacha. Alipiga mswaki meno ya juu, akapiga ya nyuma, akaruka yale sita ya chini. Alisukutua kwa maji ya chumvi, akangoja. Damu ikapungua, akajipongeza. Maskini, hakujua kwamba damu ilipungua kwa sababu hakuna aliyepagusa.

Miezi ikapita. Fizi zikavimba na kuwa na rangi nyekundu iliyoiva. Meno yakapata ukingo wa njano chini. Siku moja mteja aliyeinama mezani kuonyesha kifungo kilichokatika alirudi nyuma hatua moja, ghafla. Mama Pasi alielewa. Harufu ilikuwa yake. Alijisikia aibu mpaka masikio yakamwaka.

Tangu siku ile mkono wake wa kushoto ulipata kazi mpya. Kila alipofungua mdomo, mkono ulipanda kuufunika. Dukani haikuwa shida, watu walimsikia. Nyumbani ndiko kulikoharibika.

"Umesema?" Randa aliuliza.

Mama Pasi alirudia, mkono ukiwa pale pale.

"Umesema?"

"Nasema maji yamechemka."

Randa aliutazama mkono, akangoja. "Basi, acha," akasema.

Mwanzo aliuliza mara tatu. Baadaye aliuliza mara moja. Mwishowe akaacha kuuliza kabisa. Alikula akitazama sahani. Mama Pasi aliona, na moyo ulimuuma, lakini alijiambia ni afadhali mume akose maneno kuliko apate ile harufu.

Jioni moja Randa aliweka kijiko chini.

"Kama kuna neno unanificha, niambie," alisema, na nusu ya mtaa ikasikia. "Kama umechoka na kiziwi, niambie pia. Nimepoteza masikio, sijapoteza akili."

Mama Pasi alitaka kumjibu. Ila kumjibu Randa ni kufungua mdomo mbele ya macho yake, kwenye mwanga, karibu. Hakuweza. Alitikisa kichwa, akatoa vyombo mezani, akaviosha huku analia. Randa hakuona machozi, kwa sababu alikuwa amegeuziwa mgongo.

Kesho yake wifi yake alifika dukani. Ni mdogo wake Randa, muuza viatu, mwanamke mwenye maneno mengi na huruma nyingi zaidi.

"Wifi, mna nini na kaka yangu?" aliuliza. "Jana alikuja kwangu, akakaa saa nzima anatazama sakafu. Anasema umehama nyumba ukiwa ndani."

Mama Pasi aliweka pasi pembeni. Alitazama mlangoni kama kuna mtu, kisha akashusha mkono na kuonyesha fizi zake.

Wifi aliinama. "Lo," alisema kwa sauti ndogo. "Kumbe ndiyo maana siku hizi hunisemi. Nikadhani umekuwa mtu mwema."

"Usinichekeshe, nikicheka panatoka damu."

"Na meno yenyewe?"

"Yanacheza. Juzi niliuma mkate, moja likatikisika."

"Basi ng'oa. Ng'oa yote sita, uweke ya bandia. Mama yetu alifanya hivyo, akapumzika."

"Hata mama yangu alifika miaka hamsini hana jino la mbele," alisema Mama Pasi. "Nadhani ni mambo ya ukoo."

"Sasa unangoja nini?"

Mama Pasi alilikunja shati lililokuwa mezani, akalikunjua, akalikunja tena. "Randa ananisoma mdomo huu huu, wifi. Nikibaki pengo tupu mbele, maneno yatakaa vingine. Atanisoma vipi?"

"Atajifunza upya," akasema wifi.

"Ana miaka sitini na moja."

"Basi usimwambie mpaka uwe umeshatoa. Mambo mengine mume huambiwa yakiisha."

Katika nguo za kila wiki kulikuwa na makoti meupe manne kutoka kituo cha afya. Siku ya Alhamisi Mama Pasi aliyabeba mwenyewe. Aliyapokea tabibu wa meno, mwanamke kijana ambaye mifuko ya makoti yake haikosi doa la kalamu. Mama Pasi alimjua kwa madoa yake kabla hajamjua kwa sura.

"Tabibu, mnang'oa meno siku gani?" aliuliza, mkono mdomoni.

"Siku yoyote, mama, ikibidi. Anang'olewa nani?"

"Mimi. Sita ya mbele, chini."

"Nani kasema yang'olewe?"

"Wifi yangu."

"Naye ni tabibu wa wapi?"

"Anauza viatu."

Tabibu alijikaza asicheke. Aliyatundika makoti, akamwonyesha kiti kirefu cha kulalia. "Keti kwanza nitazame. Kutazama si kung'oa."

Alivaa barakoa na glavu, akawasha taa. Alikuwa na kioo kidogo chenye mpini na kijiti chembamba cha kupimia. Alikipitisha taratibu kati ya jino na ufizi, jino baada ya jino. Mama Pasi alifumba macho. Alingoja kuambiwa kwamba ananuka. Tabibu hakusema hivyo.

"Mama, hapa chini unapiga mswaki?"

Mama Pasi akaeleza yote: damu, mswaki, kuungua, chumvi.

Tabibu alimpa kioo ajione. "Unauona huu ukingo wa njano? Huu ni ukoga. Kila siku kinywani mwa kila mtu unatokea utando laini, unateleza. Una vijidudu ndani yake. Ukiwa laini, mswaki unautoa bila shida. Ukiachwa siku nyingi, unakuwa mgumu na kushika jino. Hapo mswaki hauwezi tena."

Mama Pasi aliutazama ule ukingo muda mrefu. "Kama kola iliyopigwa pasi na jasho lake," akasema.

"Mambo ya pasi siyajui. Nieleze."

"Jasho la kola likiwa bichi, sabuni inalitoa. Ukilipitishia pasi ya moto, linaingia kwenye uzi. Hapo unaweza kufua mpaka shati litoboke." Kisha akainua kioo tena. Miaka kumi na tisa alikuwa anarudisha kola za watu kwenye maji, na kinywa chake mwenyewe alikuwa amekipigia pasi.

"Ndivyo hasa," alisema tabibu.

"Lakini palitoka damu, mwanangu. Palipoungua hapasuguliwi."

"Ukiungua, kidonda kinaletwa na moto, na moto umekwenda. Hapa kidonda kinaletwa na uchafu uliokaa penye ufizi, na uchafu haujaenda. Ufizi mzima hautoi damu ukipigwa mswaki laini. Ukitoa, maana yake unaumwa. Palipotoka damu ndipo palipohitaji mswaki zaidi, ila kwa upole."

"Na chumvi?"

"Maji ya chumvi yanatuliza. Hayatoi ukoga."

"Na ukoo? Mama yangu alibaki hana meno."

"Kuna koo ambazo fizi zake huumwa upesi. Hilo ni kweli. Lakini nikuulize: mama yako alikufundisha kusafisha pale jino linapokutana na ufizi?"

"Hapana. Naye hakufundishwa na mtu."

"Basi hilo pia mmelirithi, na hilo linaweza kukoma kwako."

Mama Pasi alimkumbuka mama yake alivyokuwa akicheka, midomo imebanwa. Siku zote alidhani ni haya za kike tu. Alisikia uchungu kwa ajili yake.

Tabibu alimweleza ukweli bila kumficha. Ugonjwa ulikuwa umeanza kula mfupa unaoshika meno. Mfupa ulioliwa haurudi wenyewe, lakini ugonjwa unaweza kuzuiwa usiendelee. Meno matano aliona yatapona. La sita lilikuwa limelegea sana, na huenda likatoka. Alimpima pia sukari kwenye damu, kwa sababu kisukari na ugonjwa wa fizi huchocheana. Sukari ilikuwa sawa.

"Jumatatu nitaanza kukusafisha, hata chini ya ufizi," alisema. "Nitakupiga ganzi. Njoo na mtu wa kurudi naye."

"Mume wangu hajui."

"Mimi sitamwambia. Ila kinywa utakisafisha kila siku, na unaishi naye. Utamficha mpaka lini?"

Jioni ile Mama Pasi aliwasha taa ya jikoni mapema. Randa alikaa, akainamia sahani kama kawaida yake ya siku hizi. Mama Pasi aligonga meza mara mbili. Randa aliinua macho. Mkono wa kushoto ulianza kupanda, akaukamata kwa wa kulia, akauweka mapajani.

"Naumwa fizi," alitamka. "Zinatoka damu. Nanuka mdomo. Nilikuwa naona aibu."

Randa alimtazama asipepese. Alimsoma mpaka mwisho, kisha akamwashiria arudie, si kwa sababu hakuelewa.

"Nanuka mdomo, Randa."

"Miezi yote hii?" aliuliza.

"Miezi yote."

"Nilidhani umenichoka." Sauti yake ilikuwa ndogo safari hii. Majirani hawakupata kitu. "Nimekaa nahesabu makosa yangu moja moja. Nimefika hadi ya mwaka tuliooana."

Mama Pasi aliona vibaya kuliko alivyoona siku ile mteja aliporudi nyuma. Aibu yake alikuwa amembebesha mtu mwingine, na mtu huyo aliibeba bila kujua ni mzigo wa nani. Aliomba radhi, na aliiomba mdomo wazi.

Randa alisogeza kiti karibu. "Nimevuta vumbi la mbao miaka thelathini," alisema. "Pua yangu ilikufa kabla ya masikio. Ungeniuliza tu."

Jumatatu walikwenda wote wawili. Tabibu alianza kueleza akiwa amevaa barakoa. Randa aliinua kidole.

"Samahani, tabibu. Toa hicho kitambaa. Sisikii."

Tabibu alirudi hatua mbili, akashusha barakoa na kusema polepole. Alichukua meno ya plastiki na mswaki wenye nywele laini. Aliuegemeza mswaki pale jino linapokutana na ufizi, akauzungusha kidogo kidogo, meno mawili kwa wakati. Nje, ndani, na juu, upande wa kutafunia. Dakika mbili nzima, asubuhi na usiku kabla ya kulala. Dawa ya meno iwe yenye floraidi. Kisha alionyesha uzi mwembamba wa kupitisha katikati ya meno, mahali mswaki haufiki.

"Asisugue kwa nguvu, na asitumie majivu wala mkaa," aliongeza. "Nywele za mswaki zikilala, anunue mwingine."

"Kumbe si kupiga randa," alisema Randa. "Ni kupiga msasa laini."

"Na siku za mwanzo damu itatoka. Asiache."

Mama Pasi alisafishwa upande mmoja siku ile, na wa pili wiki iliyofuata. Ganzi ilipoisha aliona uchungu kidogo, si wa kulalia kitanda. Siku ya kwanza, njiani, alijaribu kumweleza Randa alivyojisikia, lakini mdomo ulikuwa bado umekufa ganzi.

"Sikusomi hata neno," alisema Randa. "Midomo yako imelewa."

Siku ya tatu povu lilikuwa jekundu. Mama Pasi aliogopa, akaweka mswaki kando ya bomba. Randa alikuwa amesimama mlangoni na taulo begani.

"Alisema damu itatoka," alimwambia. "Nilimsoma vizuri. Endelea."

Akaendelea. Wiki ya kwanza ilikuwa ya wasiwasi. Wiki ya pili povu likawa la waridi. Siku moja akatema, akatazama, akaita. Kumwita Randa ni kumvuta mkono. Alimvuta hadi kwenye beseni amwonyeshe povu jeupe tupu.

Jino la sita halikupona. Tabibu alilitoa, na baadaye akamtengenezea moja la bandia. Kabla halijawa tayari, Randa alikwama kwenye maneno mawili matatu kwa sababu ya pengo, akacheka, akazoea. Matano yaliyobaki yalikaza. Fizi zilinywea na kuwa na rangi yake nzuri. Uvimbe ulipoisha meno yalionekana marefu kidogo, na maji baridi yalimchoma. Tabibu alikuwa amemwambia hayo mapema, kwa hiyo hakushtuka. Mkono wa kushoto ulirudi kwenye kazi yake ya kunyoosha mikono ya mashati. Wifi alipokuja dukani alisemwa mpaka akajuta kumshauri mtu.

Baada ya miezi mitatu walirudi kupimwa. Tabibu alipitisha kile kijiti, jino baada ya jino.

"Hakuna damu," alisema. "Fizi zimeshika. Uje tena baada ya miezi mitatu mingine. Ugonjwa huu ukiupa mgongo, unarudi."

Mama Pasi alicheka, meno yote nje. Hakufikiria kwanza. Randa alimtazama, naye akacheka, ila kwa midomo iliyobanwa. Alikuwa anacheka hivyo siku zote, na hakuna aliyewahi kujiuliza.

Tabibu aliona. Alishusha barakoa. "Na wewe, baba? Mara ya mwisho umetazamwa lini kinywani?"

Randa alisoma kila neno. Ilionekana usoni. "Sisikii," akasema.

"Nauliza kuhusu fizi zako."

"Mimi sina maumivu."

"Hata mama hakuwa na maumivu. Ugonjwa wa fizi mara nyingi hauumi mpaka uwe umekwenda mbali. Ukipiga mswaki, hutoki damu?"

Randa alitazama dirisha. Kwa miaka sita alikuwa ameishi kwa kutazama vinywa vya watu. Chake hakuna aliyekitazama. Mkono wake mkubwa wa useremala, wenye kidole kimoja kilichokatwa ncha, ulipanda taratibu ukaufunika mdomo.

Mama Pasi aliinuka kwenye kile kiti kirefu. Aliushika ule mkono, akaushusha. Alisimama kwenye mwanga, uso kwa uso naye, ili asome bila kukwama.

"Keti," alimwambia. "Mimi nipo hapa."

Randa akaketi. Akafungua mdomo.